Menyu za Malindi, kwani Dodoma mwaiogopa?

Fungua ukurasa wa waini kwa mkahawa wowote wa ufuoni hapa Malindi, wadhani uko Italia. Barolo, Chianti, Prosecco, Pinot Grigio, alafu huko chini, kama mtoto wa kambo, chupa moja mbili za Stellenbosch, Afrika Kusini. Waini ya Dodoma, hapo jirani Tanzania, huioni. Naelewa, Wataliano ni wenyeji wetu miaka mingi, wengine wana majumba hapa, na mteja mwenye pesa lazima aletewe anachotaka. (Ndugu zangu wasiotumia kabisa mnisamehe, haya yawahusu wengine.)

Lakini hebu tuongee ukweli kuhusu hiyo Barolo. Yatoka Piemonte, kaskazini mwa Italia, vilima vya ukungu, zabibu yake yaitwa Nebbiolo, na sheria yao yasema ikae angalau miezi 38 kabla haijauzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya pipa la mbao. Ni waini ya heshima, sikatai, ina ukakasi wa kukamata ulimi na yataka nyama iliyopikwa polepole, huku nje baridi. Sasa wewe watolewa hiyo mwezi wa pili, joto la kaskazi limepamba moto, chupa imekaa nyuma ya kaunta wiki nzima, na weita akuambia nyekundu inanywewa joto la chumba. Chumba cha wapi bana? Waini za kupenda joto ni chache, kama Madeira ya Wareno, ambayo zamani mapipa yake yalipikika yakivuka tropiki melini na siku hizi wanaipasha moto makusudi. Barolo si ya hivyo. Mtu akila pweza ama kamba wa nazi mpe Prosecco baridi, ile ya vilima vya Conegliano na Valdobbiadene ambavyo UNESCO waliviingiza kwa urithi wa dunia 2019, hapo Wataliano nawasifu bila kinyongo.

Shida yangu ni hii ya kunywa jina la mahali. Mwaka 1976 pale Paris, Muingereza mmoja muuza waini, Steven Spurrier, aliwakalisha majaji Wafaransa wakaonja bila kuona chupa ni ya nani, Bordeaux na Burgundy za Ufaransa zikiwa mezani hapo hapo na za California. Nyekundu ikashinda Stag's Leap, nyeupe ikashinda Chateau Montelena, zote mbili za Napa, huko California! Majaji wenyewe ni Wafaransa, yani hata lawama hawana wa kumtupia.

Sasa Dodoma. Kuko juu kama mita 1,100, kukavu, na kwa vile hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, wakulima wanavuna mara mbili kwa mwaka, wakati Bordeaux ni mara moja tu basi. Na kinachonichekesha ni kwamba mizabibu yenyewe ililetwa pale na wamisionari wa Kitaliano, kwa hivyo hata huyo mzee wa Milano anayekunja pua ni vitu vya kwao huko. Sisemi zote nzuri. Ile tamu tamu mimi inanishinda, yauma meno, lakini nyekundu ya zabibu ya Makutupora na ile nyeupe ya Chenin Blanc isiyo na sukari, ikipoa vizuri, kwa samaki wa kupaka sioni cha kuishinda kwa bei yake.

Ukiuliza wenye mikahawa wanakwambia wageni hawaijui. Watajuaje na hamuiweki? Mimi ningeiuza kwa glasi, chupa imefungwa kitambaa, mteja anywe kwanza, aseme ni ya wapi, ndio afunguliwe. Akisema Toscana ya Italia, mletee bili.