Mwenye Sauti Aandikwe Jina

Kila Jumapili soko la Kibuye hapa Kisumu hujaa sauti za watu tusiowajua. Spika ya muuza dawa ya panya inarudia tangazo lile lile tangu asubuhi: bibi mzee analalamika, mumewe anakoroma, panya anajitetea. Wote watatu ni kijana mmoja, aliyerekodi mara moja akapewa hela ya chakula cha mchana. Nafundisha vijana maigizo, na wenye kipaji cha namna hii nawajua kadhaa. Mmoja wao alitoa sauti zote za katuni fupi ya YouTube. Mwishoni yakapita majina ya mchoraji, mhariri, hata mwenye kompyuta. Lake halikuwepo. Iliniuma, na bado inaniuma.

Ndiyo maana nataka wamjue Mel Blanc, Mmarekani aliyekuwa mwigizaji wa sauti za katuni.

Alizaliwa San Francisco mwaka 1908, akakulia Portland. Miaka ya 1930 yeye na mkewe Estelle walikuwa na kipindi cha redio, na kwa kuwa kituo hakikutaka kulipia waigizaji wengine, Blanc alilazimika kuwa kila mtu. Ubahili huo ndio uliomnoa. Mwaka 1937, katika studio ya Leon Schlesinger iliyotengenezea Warner Bros. katuni, akapewa nguruwe Porky. Aliyemtangulia, Joe Dougherty, alikuwa na kigugumizi cha kweli, na kurekodi kulichukua muda mno. Kigugumizi cha Blanc kilianza na kukoma anapotaka mwenyewe. Baada ya hapo wakaja sungura Bugs Bunny, bata Daffy, na paka Sylvester pamoja na kindege Tweety anayemwinda: mwindaji na windo, koo moja.

Karoti za Bugs zilikuwa karoti za kweli. Blanc alizitafuna mbele ya maikrofoni, akazitema, akaendelea na maneno yake. Lakini kinachonivutia zaidi ni Daffy na Sylvester. Wote wawili hutema mate wakisema, na sauti zao zinakaribiana sana, ila ya Daffy iliongezwa kasi baada ya kurekodiwa. Hata hivyo hakuna mtoto anayewachanganya, kwa sababu Daffy ana wivu na Sylvester ana njaa. Hilo ndilo ninalowadai vijana wangu kila wanaponiletea sauti ya mzee. Huyo mzee anataka nini? Anamwogopa nani? Asiyeweza kujibu amebadilisha koo tu, hajaigiza.

Hapa kwetu aliyelijua hilo kuliko wote ni Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha televisheni. Alikuwa Mkikuyu, lakini Kiswahili chake cha mzee wa Kijaluo kilikubalika Nyanza nzima na wengi walimhesabu kuwa wetu. Lafudhi peke yake isingemfikisha huko. Alikuwa na ubishi wa mzee mwenye boma, na upole uliojitokeza pale tu ubishi ulipomshinda.

Sasa nirudi kwenye jina. Blanc alimwomba Schlesinger nyongeza ya mshahara, akanyimwa. Akaomba basi jina lake liandikwe kwenye katuni, na hilo likakubaliwa. Kuanzia miaka ya 1940 watazamaji wakalisoma, kazi za redio zikaongezeka, na mwaka 1946 akapewa kipindi chake mwenyewe kwenye redio ya CBS. Wengi husimulia kisa hiki kama ushindi mtupu. Mimi naona kilikuwa na tundu kubwa. Jina lililoandikwa ni lake tu. Arthur Q. Bryan, sauti ya Elmer Fudd anayemwinda Bugs miaka yote ile, hakuandikwa, wala Bea Benaderet aliyetoa sauti za wanawake. Watu wakadhani kila sauti ni ya Blanc.

Na kazi yenyewe haikuwa ya juujuu. Januari 1961 aligongana na gari jingine Sunset Boulevard, Los Angeles, akapoteza fahamu kwa siku nyingi. Yeye na mwanawe Noel walisimulia kwamba daktari, alipokosa jibu, alimwita kama Bugs Bunny, na mgonjwa akaitika kwa sauti ya sungura. Baadaye alirekodi sauti ya Barney wa katuni ya The Flintstones akiwa kitandani kwake, mwili umefungwa plasta. Alifariki mwaka 1989.

Katuni za Kiswahili zina watazamaji. Ubongo Kids ya Dar es Salaam ipo tangu 2014, na Kenya tuna Akili Kids, kituo kizima cha watoto, tangu 2020. Studio ndogo zinachipuka, na zote zinahitaji koo za vijana hawa. Wapo wanaosema jina halijazi sufuria. Kwa mwigizaji wa sauti linajaza, maana uso wake hauonekani, na anayetaka kumpa kazi ya pili hana pengine pa kumtafutia. Tena siku hizi rekodi ya dakika chache inatosha kuifundisha kompyuta sauti ya mtu, ikaendelea kusema asiyoyasema, kwa hiyo mkataba utaje pia sauti itatumika wapi na kwa muda gani. Blanc alipata jina badala ya pesa. Vijana wangu nimewaambia waombe vyote viwili, kwa maandishi, na wamwombee pia mwenzao aliyepewa mhusika mdogo mwenye mistari miwili.