Mbuzi Wangu na Mapezi ya Cadillac

Ndio kwanza naingia nyumbani. Saa hizi ni kumi na mbili jioni. Nilitoka saa nne asubuhi kwenda Hamtramck, hapa Detroit, kununua mbuzi, na kutoka Hamtramck hadi kwangu Oak Park ni dakika ishirini hata ukiendesha kama umembeba bibi harusi. Msiniulize kitu. Ngoja nivue viatu.

Kosa ni langu, nakiri hadharani ili mama watoto asilirudie mara ya sita. Aliniambia: "Baba Zuhura, leo ni ile Jumamosi yao ya Agosti. Pita barabara kuu ya I-696, inapita chini ya barabara ya Woodward, hutaona mtu." Nami kwa kujifanya bingwa wa njia za panya nikachomoka barabara kuu ya I-75, nikaingia barabara ya Nine Mile. Mwaka wa kumi na moja huu nabeba boksi Michigan, bima ya gari inanikamua hadi damu, halafu nifundishwe njia?

Sasa ile Jumamosi ya tatu ya Agosti ndiyo Woodward Dream Cruise, maandamano ya magari ya kale kwenye barabara ya Woodward. Walioko huku mnaijua, mshaanza kunicheka. Ilianza mwaka 1995, watu wa Ferndale wakichangisha hela za kiwanja cha mpira cha watoto. Kiwanja tu! Leo wanahesabu magari 40,000 na watu wanaofika milioni. Watoto wenyewe nadhani wameshaota vitambi.

Hesabu yangu ilikuwa niivuke Woodward moja kwa moja, nipotelee zangu upande wa pili. Pale kwenye taa akasimama askari, akatunyooshea mkono: wote kulia. Na ukishaingia Woodward, kukata kushoto sahau. Michigan unapitiliza, unatafuta mwanya wa katikati, unageuza, unarudi ulikotoka, ndipo unakata kulia uende ulikotaka kwenda kushoto. Mwanya wa kwanza una koni. Wa pili una koni. Wa tatu una mama mmoja kaweka kiti.

Ndivyo nilivyojikuta kwenye maandamano. Mbele Chevrolet ya mwaka 1957, nyuma Mustang inayounguruma kama ina kesi na mimi, katikati kigari changu cha Kijapani, jina nalihifadhi, kina kiti cha mtoto na makombo ya bisi tangu Idi. Watu wamepanga viti pembeni, wanapiga picha. Bibi mmoja akanipungia. Ningefanyaje? Nikashusha kioo, nikapunga taratibu kama rais anayetoka kuhutubia bunge.

Heshima hiyo ilidumu kama mita mia mbili. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Jua la Agosti, foleni ya kinyonga, na mimi kiyoyozi nimekifungua chote kwa ajili ya mbuzi aliye kwenye buti, kana kwamba ubaridi unafika huko. Moshi ulipotoka kwenye boneti watu wakapiga makofi, wakidhani ni onyesho. Nikakikokota hadi kwenye uwanja wa duka lililofungwa.

Pale walikuwepo wazee watatu kwenye viti vya kukunja. Wa kwanza ana Cadillac ya 1959, rangi ya mawingu, karibu mita tano na robo tatu. Mimi ni mtu wa Tanga, papa nimewaona tangu sijaota meno, lakini mapezi kama yale sijapata kuona. Yamesimama nyuma juu ya buti, kila moja lina taa mbili nyekundu zilizochongoka kama risasi. Wa pili ana Lincoln Continental ya 1961, nyeusi, haina pezi wala pambo, milango ya nyuma inafunguka kinyumenyume. Wa tatu ana Packard, kavaa kofia ya majani, hasemi neno.

Nikaomba maji ya rejeta. Badala ya maji nikapewa uhakimu.

"Kijana," akasema Mzee wa Cadillac (kijana mwenyewe nina miaka arobaini na sita), "wewe huna upande. Lipi gari hapa?"

Sikuwahi kujibu. Mwenzake akadakia kwamba lile si gari, ni samaki. Mzee wa Cadillac akaja juu: mwaka 1908, kule Brooklands Uingereza, walizifumua Cadillac tatu, wakachanganya vipuri vyote kwenye rundo moja, wakaziunganisha upya na zikakimbia maili 500, nani mwingine angeweza? Nikataka kusema fundi wetu wa chini ya mwarobaini anafanya hivyo kila Jumatatu, ila yeye huwa kuna vipuri vinabaki, anakukabidhi kwenye mfuko wa rambo. Nikanyamaza. Mzee wa Lincoln akasema Rais Kennedy alipanda nini? Lincoln, tena ya 1961 kama hii!

"Na unakumbuka ilimfikisha wapi," akajibu Mzee wa Cadillac.

Kimya kikapita. Mzee wa Lincoln akasema kwa uchungu kwamba kosa halikuwa la gari, na gari lenyewe, baada ya Kennedy kuuawa ndani yake kule Dallas, lilivishwa chuma likaendelea kubeba marais hadi 1977, na sasa liko makumbusho pale Dearborn, niende nikalione. Nikaapa sitakwenda. Kwetu gari lililofiwa namna hiyo linasomewa dua kwanza, na bado utatafuta dereva usimpate.

Basi ndipo yule wa Packard akafungua kinywa. "Mwambieni ukweli," akasema, "kwamba nyote wawili mna baba mmoja." Kumbe ni kweli. Henry Leland ndiye aliyeiasisi Cadillac mwaka 1902. Mwaka 1917 akaondoka na mwanawe, wakaanzisha Lincoln kutengeneza injini za ndege za vita. Jina akalitoa kwa yule rais aliyempigia kura yake ya kwanza kabisa, mwaka 1864. Vita vikaisha, wakahamia magari, hela zikawakauka, Ford akawanunua mwaka 1922.

Nikacheka hadi nikakaa chini. Nikawaambia, wazee wangu, haya tunayo nyumbani! Yanga na Simba! Simba alitoka ubavuni mwa Yanga mwaka 1936, na tangu siku hiyo kuna ndoa zinavunjika. (Wana Simba mlioanza kuchapa matusi, tulieni, nina njaa.) Wakanitazama. "Simba gani?" akauliza wa Lincoln. "Peugeot?" Maana nembo yake ni simba. Nikaeleza dakika kumi kwa Kiingereza chote nilichonacho. Mwishoni wa Cadillac akatikisa kichwa, akasema hajawahi kuendesha Yanga lakini amesikia ni gari zuri.

Na hapo ndipo alipoona tone.

Chini ya gari langu, kwa nyuma, kitu chekundu kinadondoka kwenye lami, kinatiririka polepole kuelekea tairi lake lenye duara jeupe. Tairi hilo analisugua kwa mswaki, nilimwona kwa macho yangu. Akaruka na miaka yake yote. "Gia boksi! Gia boksi ya huyu kijana inavuja!" Maana mafuta ya gia za otomatiki ni mekundu, hilo hata mimi nalijua. Akachovya kidole, akanusa, akafumba macho kama sheikh anayetafakari. "Yameungua," akasema. Wa Lincoln naye akachovya, akasugua kwa kidole gumba, akasema hayajaungua, ni ya usukani, na mtu wa Cadillac angejuaje tofauti? Wakashikana hapo. Mmoja anapiga magoti atazame chini, mwingine anamvuta mshipi. Mimi nasema, "Wazee, wazee, siyo oili," hawasikii. Mzee wa Packard akachovya, akanusa, akaniangalia machoni kwa muda mrefu.

"Kijana," akasema, "kuna nini kwenye buti?"

Jamani. Mtu mweusi, kando ya barabara, Marekani, damu inachuruzika kwenye buti, na askari wawili wa baiskeli wanakuja kuona kuna kelele gani. Utu uzima wote ulinitoka. Neno la Kiingereza la mbuzi nililijua tangu darasa la tatu. Likanikimbia. Nikajikuta nalia kama mbuzi, "Meee! Meee!", huku nimenyoosha mikono juu, mbele ya umati wa watu wenye kamera.

Wakafungua. Wakamkuta amelala kwenye mfuko wake na risiti yake. Askari mmoja akauliza kama ni wa kuchoma au wa mchuzi.

Maji nikapewa baadaye, ya chupa, dola nne, hela yangu mwenyewe. Wazee walifungua boneti, wakaona plastiki tupu, wa Lincoln akauliza kwa upole kama injini imeibiwa. Wao zile ni V8, kubwa kuliko za mashangingi ya mawaziri wetu, ukifungua unaona chuma kimelala pale kama kiboko. Sikubishana. Nimerudi kwa kupitia mashimo yote ya barabara ile ile ambako mwaka 1909 ilimwagwa maili ya kwanza ya zege kwa barabara kuu nchini humu. Kuna shimo moja nadhani lina umri huo huo.

Halafu kuna picha. Nilipiga moja, nimeegemea pezi, nikairusha kwenye kundi la ukoo bila maelezo. Kosa la pili. Nimefungua simu sasa hivi: ujumbe 74. Shangazi ameshukuru Mungu kwa niaba yangu. Binamu ana harusi, nimepangiwa kiasi. Mtu nisiyemjua ameniandikia kuwa ni shemeji.

Mjomba yuko Chumbageni, Tanga, miaka thelathini uvunguni mwa magari, hajaandika, ametuma sauti ya dakika tatu. Ya kwanza yote ni kukohoa. Kisha: "Mwanangu, hongera. Hilo jinga lenye mapezi baki nalo huko huko. Ila nimeona nyuma yako kuna kile kidogo cha Kijapani, kinatoa moshi. Hicho kitie kwenye kontena uniletee. Gasketi yake ninayo hapa mkononi."