Kompresa Haikulipuka, Wajameni

Naona ile video imeshazunguka, na mwenye kuirusha ameandika chini yake kwamba kompresa yangu, ile mashine ya kubana hewa ninayopulizia rangi, imelipuka, mimi nikatoka mbio nikipiga yowe. Tuanze na hilo la mbio: aliyekimbia ni yeye. Tangi lilifika psi 120 (psi ni kipimo cha presha), swichi ya presha ikakata mota, na kivalvu cha pembeni kikaachia hewa iliyobaki kwenye bomba linalotoka kwenye kichwa cha kompresa. Pshhh. Ndivyo inavyotakiwa, ili mota isije ikaanza tena ikiwa inasukumana na presha. Sauti hiyo huisha mara moja. Ikiendelea kulia, hapo valvu ya kuzuia hewa kurudi haifungi vizuri na tangi linavujia pale pale. Yangu ilinyamaza. Jamaa alikuwa ameshafika barabarani.

Akarudi, akatoa simu. Laiti angeendelea kukimbia.

Ubao wangu wa kuteleza juu ya mawimbi mnaujua, ule wa futi 6 na inchi 2 niliokuwa nawaringia nao humu. Povu, yaani lile povu gumu ambalo ndilo mwili wa ubao, limeshapigwa msasa namba 220, vumbi limepulizwa, mkanda wa karatasi umebandikwa, limebaki kupuliziwa rangi ya akriliki ya bluu puani, kwenye ncha ya mbele, kabla ya kuvikwa kitambaa cha faibaglasi. Povu jeupe peee! Hata kulishika naogopa.

Sasa sikieni mambo yalivyopangwa. Kompresa ni ya lita 24, na hewa inayotoa kwa kweli ni kama lita 150 kwa dakika. Bunduki ya rangi inataka zaidi ya 200. Kwa hiyo ukishika triga, mota haipumziki, silinda inachemka, na hewa inatoka ya moto. Mwenzenu kichujio cha maji nilikifunga pale pale kwenye tundu la kompresa, maana kilipendeza. (Msinicheke bado, mtachoka mapema.) Hewa ya moto hupita na maji yake yakiwa bado mvuke, kichujio kinayatazama tu. Yanakuja kuwa matone mbele ya safari, ndani ya mpira wa kupeleka hewa kwenye bunduki, ukishapoa. Kichujio kinatakiwa kikae mita 7 au 8 mbele, hewa ikiwa imeshapoa. Kwenye joto na unyevu wa pwani, kila mita moja ya ujazo ya hewa unayoibana inaweza kuacha karibu mililita 20 za maji. Pulizia saa nzima, hesabu mwenyewe.

Na koki ya kutolea maji chini ya tangi? Sikumbuki niliifungua lini. Juu ya hapo, muda mfupi kabla, niliivuta kompresa kwa magurudumu yake ili kumpisha mpiga picha, ikainama, na maji yote ya kutu yakahamia upande wa tundu la kutolea hewa.

Haya, nikashika triga. Psi 28, bunduki iko kama sentimita 20 kutoka kwenye povu, mkono unatembea sambamba. Pasi ya kwanza, bluu laini. Pasi ya pili, tamu zaidi, hadi nikamgeukia jamaa nikamwambia, "Unaona mkono huo?" Unasikika kwenye video, ndiyo.

Pasi ya tatu bunduki ikakohoa. Ph. Mtu mwenye akili huachia triga. Mimi nikaongeza presha, nikidhani rangi imeganda kwenye ncha. Ph-ph. Kitone kimoja cha kahawia kikatua katikati ya ubao, kikasimama, kikaanza kunywewa na povu taratibu huku nakitazama. Nikakifuta kwa kidole. Kikawa mchirizi. Nikafuta mchirizi kwa kiganja. Kiganja kina bluu. Jamaa akasema, "Kaka, acha." Sikuacha. Nikainua bunduki hadi usoni, jicho moja nimelifumba, nichungulie ncha kuna nini. Na kidole, ndugu zanguni, kidole bado kilikuwa kwenye triga.

Bluu kwanza. Halafu kutu. Halafu bluu tena, kwa sababu nilishtuka nikabana zaidi.

Yowe lile ni langu, hilo nakubali. Miwani ya kazi nilikuwa nimeivaa, juu ya kipaji cha uso.

Yaliyofuata hayana urefu. Povu likaachwa hadi likauke kabisa, maana ukilivika faibaglasi likiwa na unyevu, rezini, ile gundi ya faibaglasi, haishiki vizuri, na baadaye kitambaa kinabanduka. Nikapitisha 220 kidogo tu. Ukikazana unachimba bonde. Pua na katikati nikapaka nyeusi. Kwenye tangi yakatoka maji ya rangi ya chai, zaidi ya lita mbili, nikiwa nimebakiza psi 20 hivi ili yasukumwe nje. Usifungue likiwa limejaa presha. Tutakuwa wawili kwenye video.

Kisa cha kutoifungua ile koki ni kwamba iko chini kabisa, lazima ulale kifudifudi kwenye vumbi la povu. Sasa nimeunganisha kiwiko na bomba fupi lenye koki ya mkono pembeni. Kila jioni naifungua kwa kidole gumba cha mguu, nimesimama, mikono mfukoni.