Kahawia Peke Yake Si Ushahidi

Inaudhi kuona bango jingine la maonyesho ya sayansi lenye chupa mbili, ya manjano na ya kahawia, na maelezo kwamba mchemsho wa majani ya mwarobaini umegeuza nitreti ya fedha kuwa chembe za nano za fedha, yaani vipande vya fedha vidogo mno. Ushahidi? Rangi imebadilika, na kilele cha ufyonzaji wa mwanga kiko kwenye urefu wa wimbi wa nanometa 430. Basi. Ushahidi huo ni mwepesi popote pale, lakini hapa Mombasa ni mwepesi zaidi, kwa sababu ya chumvi.

Nitreti ya fedha ya milimola 1 ni gramu 0.17 kwa lita. Kwa kipimo hicho, kloraidi, iliyomo kwenye chumvi, ya mikrogramu 6 hivi katika lita inatosha kuanza kuangusha kloraidi ya fedha, unga mweupe usioyeyuka. Maji ya kisima cha kisiwani yamepita kiwango hicho mara maelfu, na ya mfereji hayasalimiki. Jani lenyewe lina kloraidi inayotoka likichemshwa, na mwarobaini ulioota karibu na ufuo hupigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima. Halafu chupa inaachwa dirishani. Kloraidi ya fedha ikipigwa na jua, fedha kidogo hujitenga juu ya punje zake na mchanganyiko unakuwa mweusi-mweusi. Rangi imekuja, sifa anapewa mwarobaini, kumbe kazi imefanywa na jua.

Anayetaka ukweli autafute kwenye grafu ya eksirei, inayoonyesha pembe ambazo fuwele za sampuli hurudishia eksirei. Kwa eksirei zinazotolewa na shaba, fedha hutoa vilele kwenye pembe za nyuzi 38.1 na 44.3. Vilele vya 27.8, 32.2 na 46.2 ni vya kloraidi ya fedha. Mara ngapi tunaona 32.2 na 46.2 vimesimama wima, vikaachwa bila jina au vikaitwa uchafu wa mmea? Wasimamizi, hili ni jukumu lenu. Mwanafunzi asipoambiwa atajuaje?

Kinga yake ni rahisi. Maji yaliyosafishwa yanayouzwa kama maji ya betri msiyaamini kwa lebo: mimina mililita 5 kwenye neli safi ya kioo, tia matone mawili ya nitreti ya fedha, tazama mbele ya kitu cheusi. Yakifanya ukungu mweupe, usiyatumie. Vyombo vioshwe kwa asidi ya nitriki ya asilimia 10, si ya hidrokloriki, maana hiyo inarudisha kloraidi ileile tunayoikimbia, kisha visuuzwe kwa maji yaliyofaulu jaribio. Vaa glavu, jasho la vidole ni chumvi. Andaa chupa tatu zilizofungwa foili: mchemsho na fedha, mchemsho na maji, fedha na maji. Ile ya pili ndiyo husahaulika, na ndiyo ya maana, kwa kuwa mchemsho wa majani hugeuka kahawia wenyewe ukikaa. Punguza makali ya mchanganyiko kwa maji hayo hadi namba ya ufyonzaji kwenye kipima-mwanga ishuke chini ya 1 kabla ya kusoma kilele.

Nakubali, rangi ina maana yake. Mwanasayansi Mwingereza Faraday aliichunguza rangi ya chembe ndogo za dhahabu, zinazoonekana nyekundu, mwaka 1857, na chembe ya fedha ya mviringo ya nanometa 10 hadi 20 hufyonza karibu na 400. Lakini kilele kikisogea hadi 430, huenda chembe zimekua, huenda zimevikwa molekuli za jani, huenda zimeshikana. Namba moja haikwambii ni lipi. Najua pia kwamba hadubini ya elektroni ni foleni na gharama. Matone mawili ya nitreti hayana foleni.

Kuhusu ukubwa: fomula ya Scherrer, inayotumia upana wa vilele vya eksirei, inatoa ukubwa wa fuwele, si wa chembe nzima. Na anayepima ukubwa kwa jinsi chembe zinavyotawanya mwanga wa leza akumbuke kwamba chembe ya nanometa 100 hutawanya mwanga mara milioni kuliko ya nanometa 10, hivyo vumbi kidogo tu linaweza kuzifunika chembe zako zote. Chuja kwa kichujio cha mikrometa 0.2 kwanza, na utaje kwenye bango kwamba ulichuja.