Ukuta Upakwe Mwisho

Juzi shangazi yangu aliambiwa auze kabati lake la vyombo. Ni kabati la mninga, alilochongewa alipoolewa, na kila alikohamia limehama naye. Kijana aliyeletwa kumpambia sebule ya nyumba mpya Mbezi, Dar es Salaam, akasema haliendani na rangi. Rangi yenyewe ni kijivu: ukuta kijivu, vigae kijivu, zulia kijivu. Makochi ya damu ya mzee nayo yatoke. Shangazi, kwa unyenyekevu wake, akanipigia kuniuliza kama namjua mnunuzi. Nimekasirika, na hasira haijaisha.

Tangu lini kabati likaufuata ukuta? Sebuleni hakuna kitu rahisi kubadilisha kama rangi ya ukutani. Dukani wanaichanganya kwa mashine mpaka upate unayoitaka, fundi anapaka, mnalala. Vigae huviondoi. Milango huing'oi. Makochi umeyalipia kwa jasho na utakaa nayo miaka. Kwa hiyo anza na hivyo visivyobadilika. Angalia vigae vyako vimeegemea wekundu au ubluu. Angalia mbao: mninga una wekundu wa udongo, na ukuta wa krimu au wa mchanga unaupa nafasi ya kuonekana. Ukishajua ulicho nacho, ndipo uende duka la rangi.

Wazee wa Lamu walilijua hili. Boriti za mikoko ziliwapa vyumba vyembamba, mwanga ukaingia kutoka kiwandani tu, yaani ua wa ndani ya nyumba, wakapaka chokaa nyeupe ili ule mwanga mdogo uzunguke ndani. Rangi wakaviachia vitu: bakuli za kauri kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani), mikeka, mbao zilizonakshiwa. Ukuta ulikuwa mtumishi wa vyombo.

Mwanga ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu hapo ndipo tunanakili bila kufikiri. Ushauri ulioandikwa Uingereza unasema chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi, kipake rangi za joto. Kule ni kweli. Dar es Salaam iko takribani nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na tangu Machi hadi Oktoba jua la saa sita mchana linasimama upande wa kaskazini. Mwezi Juni dirisha la kaskazini ndilo lenye jua na la kusini ndilo lenye kivuli. Upande wetu mkali kuliko wote ni magharibi: saa kumi na moja jioni jua linaingia limeshageuka chungwa, na ukipaka ukuta huo rangi ya pichi utatamani kuhama chumba.

Halafu tazama njia ambayo mwanga unapita kabla ya kumfikia mtu kwenye kochi lake. Kuna baraza, kuna mwembe, kuna dirisha la alumini lenye kioo cha bluu au kijani, kuna wavu wa mbu, kuna pazia. Unaofika ndani ni mchache na umeshabadilika. Kijivu hakina nguvu ya kujitetea mbele ya mwanga wa namna hiyo. Hupokea chochote kinachokuja. Karibu na mwembe kinageuka ukijani wa kuvu. Usiku, chini ya taa nyeupe ile iliyoandikwa 6500K kwenye boksi, kinageuka ubluu, na mama wa watu anaonekana mgonjwa sebuleni kwake mwenyewe. Nunueni za 3000K, zenye mwanga wa umanjano, kwa sebule na vyumba vya kulala, jamani. Tofauti mtaiona usiku huohuo.

Na msichague rangi kwenye kile kikaratasi cha dukani. Chukua kipande cha ubao mwembamba, kipake mara mbili, kiache kikauke kabisa kwa sababu rangi ya maji ikikauka si ile uliyoiona kwenye ndoo. Kisimamishe kila ukuta, asubuhi, alasiri na usiku taa zikiwaka. Fundi atakuharakisha. Mwache asubiri.

Kuhusu mizani, wapambaji wana kanuni yao ya 60, 30 na 10: asilimia 60 rangi kuu, 30 ya pili, 10 ya kukoleza. Si mbaya, lakini mimi hutandaza kanga. Mji, ile sehemu ya kati, umetawala, pindo limezunguka na kuubana, jina, yale maandishi, liko chini, dogo, na ndilo jicho linalolitafuta. Ukuta na sakafu ndiyo mji. Makochi na mapazia ndiyo pindo. Mito, picha na chungu cha maua ndilo jina. Nyumba nyingi zinazochosha macho zina majina kila kona.

Nakubali kwa shingo upande kwamba kijivu kinaweza kupendeza: chumba kinachopata jua la asubuhi, mbao nyingi, kitambaa cha njano mahali fulani. Nimeona kimoja kama hicho na nilikaa kwa raha. Lakini kilikuwa na mbao.

Ukuta mmoja mweusi kwenye chumba kidogo cha kulala, hapana.

Wapangaji mliokatazwa na mwenye nyumba kugusa ukuta, nanyi mna uwezo. Ning'inizeni pazia kuanzia karibu na dari mpaka sakafuni, chagueni rangi kutoka kwenye zulia lenu, rudieni rangi hiyohiyo kwenye mito miwili tu, kisha badilisheni balbu kabla ya kununua kitu kingine chochote.