Kabla hujamuuliza "umeleta nini"

Nina mshkaji tulikula naye ukuruta JKT Mafinga, yeye mtu wa Makambako mimi wa huku Uyole, tulipomaliza kila mtu akashika njia yake, mimi nikarudi kwenye viazi na yeye akapitia Tunduma huyoo mpaka Sauzi, kule ni fundi magari. Majuzi karudi likizo, tumekaa kijiweni Mwanjelwa anatuonyesha picha kwenye simu: kalala kifudifudi kwenye majani mabichi, kavaa koti zito limekazwa mikanda utafikiri anaenda kuzamia baharini, bunduki ndefu mbele yake. Ilikuwa Uingereza, sehemu inaitwa Bisley, mashindano ya kulenga shabaha masafa marefu. Nauli kajilipia, risasi kajilipia, pa kulala kajilipia, alidunduliza miaka mitatu. Picha hazijafika hata nusu mtu mmoja kauliza, "Sasa umeleta nini?"

Akasema hajaleta kitu, jina lake lilikuwa huko chini chini kwenye orodha. Kijiwe kizima kikacheka, mmoja akamalizia, "Kumbe ulienda kutalii na bunduki." Mshkaji akacheka nao, akarudisha simu mfukoni. Mimi ile ya kurudisha simu mfukoni ndo iliniuma, na ndo sababu naandika.

Kwanza mjue alikuwa anafanya nini huko, maana wengi tunafikiri kulenga shabaha ni zile za sinema, jamaa ana darubini juu ya bunduki, anapumua, anafyatua, kwisha. Huu mchezo anaocheza yeye darubini kwenye bunduki hairuhusiwi. Unachungulia kwenye kitundu kidogo cha nyuma ukilinganishe na cha mbele, mkanda umekubana mkono wa kushoto, umelala chini, na shabaha iko yadi 1000, yaani mita 914. Chukulieni karibu kilomita nzima, halafu mwisho wake kuna duara la katikati lenye upana wa sentimita 60 hivi, sinia la pilau la shughuli. Mimi kule JKT nilipewa mita 100 na risasi tano, iliyogusa karatasi ilikuwa moja na mpaka leo sina uhakika kama ilikuwa yangu au ya jirani.

Na kulenga kwenyewe anasema ndo sehemu rahisi. Kazi ni upepo. Risasi ikitoka inachukua kama sekunde moja na nusu kufika kule, na muda wote huo upepo unaisukuma, upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa tu, ambao kwetu hapa hata nguo haujaanua, unaipeleka pembeni mita mbili na zaidi. Kwahiyo unalala pale unaangalia bendera zilizopangwa uwanja mzima, unachungulia kwenye darubini iliyosimama pembeni yako uone yale mawimbi ya joto yanakimbilia upande gani, unageuza skrubu ya kulengea, na ukichelewa kufyatua upepo umeshabadilika na hesabu yako imeoza. Hesabu zao ni za dakika, ila siyo dakika za saa, ni kipimo cha pembe, kwenye yadi 1000 dakika moja ni kama sentimita 27. Sasa niambieni mtoto aliyekulia Makambako, pale upepo unapokukuta stendi unakuvua kofia, huyo si alianza mazoezi toka yuko mgongoni kwa mama yake?

Turudi kwenye "umeleta nini". Sisi tuna neno zuri sana kwenye michezo, ridhaa. Ngumi za ridhaa, mchezaji wa ridhaa. Sema tumeliharibu, siku hizi ukisema fulani ni wa ridhaa watu wanasikia kwamba hajafika, bado mchanga, akikua atakuwa wa kulipwa. Wakati neno lenyewe linasema mtu karidhia, kaenda kwa moyo wake, hakuna aliyemtuma wala anayemlipa. Na kwenye huu mchezo hakuna pa kukulia huko unakolipwa, maana hata wa juu kabisa ni ridhaa. Pale Bisley kombe kubwa ni la Mfalme, lilianza 1860 kule Wimbledon kabla ya kuhamia Bisley, enzi za Malkia Victoria, yeye mwenyewe ndo alifyatua risasi ya kwanza, zawadi ya mshindi ilikuwa pauni 250 na mpaka leo ni pauni 250 zile zile! Hiyo hela hairudishi hata nauli ya kutoka Johannesburg. Mshindi wanamkalisha kwenye kiti, wanambeba mabegani wanamzungusha na bendi ya muziki, kesho yake anarudi kazini kwake. 1930 alilibeba dada mmoja anaitwa Marjorie Foster, mwanamke wa kwanza, kwenye uwanja ule ule na wanaume wale wale, hakuna cha kombe la akina mama pembeni.

Mshkaji alitolewa hatua ya kwanza kwenye hilo la Mfalme, maana wanaopita ni 300 tu halafu fainali wanabaki 100. Mengine ya masafa marefu alipiga mpaka mwisho. Na kuna kitu alinisimulia nikabaki mdomo wazi: mnalala wawili au watatu kwenye shabaha moja, mnapiga kwa zamu, na anayeandika pointi zako ni huyo huyo mpinzani wako. Yaani unayetaka kumshinda ndo ameshika kalamu yako! Nikamuuliza hakuna anayeibiwa? Akanishangaa, akaniambia bro sasa uibe ili upate nini. Ligi zetu za mtaani za kugombea mbuzi refa anatoka kijiji cha tatu na bado tunamkimbiza na fimbo.

Halafu mkasa wenyewe. Risasi ya nne kwenye yadi 1000, upepo umetulia, katulia naye, kafyatua, anaisikilizia kabisa kwamba hii ni katikati. Kule shabaha ikipigwa wanaishusha, wanaweka alama risasi ilipopita, wanaipandisha tena. Shabaha yake haishuki. Inashuka ya jirani, inapanda na alama katikati kabisa ya duara. Kapiga shabaha ya mwenzake. Yake sifuri. Anasema alitamani ardhi ipasuke, ila mzee aliyekuwa anamwandikia pointi alimgeukia akamwambia karibu kwenye chama, akamsimulia habari ya Milner.

Nikaitafuta hiyo habari usiku ule ule. 1874 Waayalandi, waliokuwa wametoka kuwashinda Waingereza na Waskoti, wakatangaza kwenye gazeti la Marekani kwamba wanatafuta wa kupambana nao. Klabu moja ya New York ikajitokeza, na jina lake lilikuwa Amateur Rifle Club, ridhaa mpaka kwenye jina! Timu za watu sita sita, yadi 800, 900 na 1000, uwanja wa Creedmoor huko huko New York, 26 Septemba. Katikati ya mechi Muayalandi mmoja, J. K. Milner, akapiga katikati ya duara safi kabisa, ila shabaha siyo yake, sifuri. Wakaenda hivyo hivyo mpaka ikabaki risasi ya mwisho ya Mmarekani Kanali Bodine, na yeye muda mfupi kabla chupa ya tangawizi ilikuwa imempasukia mkononi, damu inachuruzika, wakamfunga kitambaa akalala akapiga katikati. 934 kwa 931. Duara la katikati lilikuwa na pointi 4, kwahiyo ile moja ya Milner ingeenda panapotakiwa Ayalandi wangeshinda kwa pointi moja. Karibu miaka 150 baadae kijana wa Makambako anafarijiwa kwa jina la huyo mtu. Hicho nacho ni kitu cha kuleta nyumbani, sema hakikai kwenye kabati la vioo.

Najua kuna watakaosema bunduki siyo mchezo, na huku kwetu karibu na Ruaha mtu akisikia raia na bunduki anawaza ujangili kabla ya michezo. Sibishi, wasiwasi huo una sababu zake, na mimi sisemi kila kijana akanunue silaha, sheria yetu ya 2015 ina masharti yake na vibali vyake na naona ni sawa tu. Hata mshkaji bunduki anayopigia ni ya klabu ya huko huko Sauzi, inakaa kwenye kabati la chuma na funguo hana. Ninachokisema ni cha mdomo wetu. Kenya hapo jirani wamekuwa wakienda Bisley miaka na miaka na sidhani kama wanapokelewa kwa kicheko. Sisi medali zetu za Olimpiki ni mbili, Bayi na Nyambui, fedha zote, Moscow 1980, kwahiyo tukienda kwa kipimo cha umeleta nini basi toka 1980 hakuna Mtanzania aliyefanya kitu Olimpiki, na wote tunajua huo ni uongo.

(Wahehe nawasikia mnasema hii ni damu ya Mkwawa. Tulieni. Lugalo 1891 kilichowamaliza Wajerumani ni kuviziwa kwa karibu na mikuki, hakukuwa na yadi 1000 pale.)

Juzi nilimsindikiza kwao. Tumeshuka stendi Makambako kununua mahindi ya kuchoma, upepo kama kawaida yake, kuna mama kaanika kanga pembeni ya kibanda zinapiga kama zinataka kuruka. Nikamwona mshkaji kasimama na hindi mkononi, kafumba jicho moja, anaziangalia zile kanga.

"Dakika nane kushoto," akasema.

Konda akamsikia. "Nane? Hii gari inaondoka ndani ya dakika mbili, pandeni!"