Kumpima Mgonjwa kwa Simu Ni Kazi ya Kitabibu

Usiku mmoja mama mmoja alinipigia simu akaniambia kwamba mwanawe wa miezi 8 "anakohoa kidogo tu". Nilimwomba aiweke simu kwenye kipaza sauti, amfunue mtoto kifua akiwa ametulia, kisha aseme "hapo" kila mara kifua kinapopanda, nami nikatazama saa yangu. Kwa dakika moja nzima alisema "hapo" mara 62. Mtoto wa umri huo anayekohoa, akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika, anashukiwa kuwa na nimonia. Nilipomwuliza kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta pumzi, alinyamaza, kisha akasema taratibu, "Nesi, inabonyea." Waliondoka saa ileile kwenda hospitali kwa gari la jirani.

Wauguzi na matabibu wengi wa zahanati hupokea simu za namna hii kwa namba zao binafsi, na tumezoea kuziita fadhila. Naamini tunakosea. Aliye upande wa pili hana macho yetu, kwa hiyo inatubidi tumwongoze macho yake mwenyewe, na huo ni ustadi unaopaswa kufundishwa vyuoni kama tunavyofundishwa kupima shinikizo la damu.

Ugumu wa kwanza uko kwenye maneno. Mtu akisema "ana homa", huenda anamaanisha joto, malaria, mafua au kuumwa tu kwa jumla. Ukiitikia kabla ya kuuliza, umeshatibu ugonjwa uliomo kichwani mwako. Ni bora kuuliza: anakunywa? Ananyonya? Anatapika kila anachopewa? Ameshikwa na degedege? Amelegea kiasi cha kutoamka vizuri? Hili la degedege liulizwe waziwazi na kwa upole, kwa kuwa ziko familia zinazolificha zikiamini kwamba si jambo la hospitali.

Tena, mara nyingi anayepiga simu si mgonjwa bali ni shemeji au jirani. Mimi huomba simu apewe mgonjwa mwenyewe, hata kwa nusu dakika, maana mtu mzima anayeshindwa kumaliza sentensi fupi bila kukatika pumzi ameshanieleza mengi kuliko anayemsemea. Kuhusu upungufu wa damu, huwaomba walinganishe rangi ya viganja vya mgonjwa na vya kwao penye mwanga. Jibu likibaki na shaka, mgonjwa aje. Simu haigusi tumbo wala haipimi damu.

Tanzania tayari tuna namba 115 ya mfumo wa m-mama, ambako mpokeaji huuliza maswali kwa kufuata mwongozo kabla ya kumtafutia mjamzito, mama aliyetoka kujifungua au mtoto mchanga usafiri wa dharura. Nashangaa kwamba sisi wa zahanati, tunaopigiwa kila siku, tunajibu kwa kukumbuka tu, bila mwongozo na bila kuandika chochote.

Mtoto yule alilazwa siku 4. Daktari wa zamu alinipigia akitaka kujua kifua kilianza kubonyea saa ngapi na kama nilishauri apewe dawa yoyote nyumbani. Sikuwa nimeandika, na saa niliyomtajia niliikisia. Tangu wiki ile daftari liko kando ya simu yangu: saa, umri, dalili, ushauri niliotoa, na maneno ya mpigaji aliponirudishia ushauri huo kabla hatujakata simu.